Chumvi ya Ngamia

Sijawahi kukaa mahali mpaka godoro likachukua umbo la mgongo wangu. Niliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba, si kwa kukosa karo wala kwa ugumu wa masomo. Lori la mifugo lilisimama nje ya shule kubadilisha gurudumu, nami nikataka kujua linakwenda wapi. Lilikuwa linakwenda Bute, kaskazini kabisa kwenye malisho. Tangu siku hiyo nimekuwa utingo, nimechaji simu za watu kule kambi ya wakimbizi ya Ifo, nimeshika kamba za ngamia sokoni Garissa huku wakubwa wakipatana bei kwa vidole chini ya shuka, na nimekuwa mkalimani wa kila mgeni aliyekuja na maswali bila Kisomali. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Unalipwa usikilize maswali ya watu na majibu ya watu, na hakuna anayekwambia unyamaze.

Nilimpata daktari kwa njia hiyo. Nilikuwa nimekaa wiki kadhaa mjini Garissa bila shughuli, miguu inaniwasha, ninasoma magazeti yaliyofungiwa nyama, nikasikia kwenye kibanda cha chai kwamba kuna daktari mwanamke kutoka Nairobi anayetafuta mtu wa kutafsiri habari za mwili bila kucheka. Nikaenda. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia mpaka lori lilipofika. Akaniandika kazi.

Utafiti wake ulihusu unene na ugonjwa wa sukari. Alitaka kujua kama upasuaji wa kupunguza tumbo, ambao matajiri huufanya Nairobi, ungewasaidia watu wa kawaida wa huku wenye uzito mkubwa na sukari, na kama ungeendelea kuwasaidia baada ya kurudi nyumbani kwenye baasto, yaani tambi, na samli na chai yetu. Nilimuuliza kila kitu. Wanakata wapi? Akachora kwenye ukingo wa gazeti: mfuko wa tumbo, kisha mstari, kisha kipande chembamba kinachobaki, mfano wa ndizi. Kwa nini sukari hushuka hata kabla mtu hajakonda? Akasema utumbo hutuma habari kwa mwili mzima, na ukikatwa zile habari hubadilika, lakini bado wanasayansi hawajamaliza kuelewa zote. Na kile kipande kilichokatwa kinatupwa wapi?

"Kinapelekwa maabara," akasema, akicheka. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo."

Muda mwingine wote alikuwa anaandika. Nikadhani anaandika matokeo, kumbe anaomba pesa. Aliwaandikia watu asiowajua, katika nchi ambazo hajafika, akiwaeleza kwa nini wagharamie upasuaji wa mama muuza maziwa wa Garissa. Walikuwa wamempa fedha za sehemu ya kwanza: kupima watu na kuchagua wachache. Sehemu ya pili, ya upasuaji wenyewe, ingetolewa iwapo wangeridhika na waliochaguliwa.

"Wanasemaje?" nikamuuliza siku moja.

"Wanauliza kwa nini huku. Picha walizo nazo za huku ni za watoto wa ukame."

Nikamwambia picha hizo si za uongo. Nilikuwa nimetafsiri kambini Dagahaley, kwenye zahanati, ambako mtoto alifungwa utepe wa kupima unene wa mkono, na utepe ukionyesha rangi nyekundu mama alipewa pakiti za chakula. Huko nilifasiri habari za wembamba mpaka nikauota. "Na wewe unatafuta wanene," nikamwambia, "umbali wa safari ya asubuhi moja."

"Ni watu walewale," akasema. "Mtoto aliyekosa chakula tangu tumboni mwa mama, akikipata ukubwani, huenda mwili wake ukaweka akiba kupita kiasi. Ndivyo tunavyodhani. Kudhani hakutoshi, ndiyo maana naomba pesa."

Jambo hilo lilinikosesha utulivu. Nilitembea nalo mpaka darajani na kurudi. Nilikuwa namfikiria dada mdogo wa marehemu mama yangu, ambaye kwetu anaitwa habaryar, naye huniita mimi habaryar vilevile, kwa sababu kwetu mkubwa humrudishia mtoto jina la udugu wao. Yeye ndiye mtu pekee mjini ambaye ninafikia kwake. Alizaliwa mwaka ambao ng'ombe wa babu waliisha, akakulia kwenye vumbi la Bute, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, akaolewa mjini. Alipojifungua mara ya kwanza wakamfungia ndani siku za uzazi na kumlisha mchuzi, samli na maziwa ya ngamia, kama mila inavyotaka, na kila aliyeingia alimsifu jinsi mashavu yalivyojaa. Hakuna aliyemwambia ni wapi pa kukomea. Sasa alikuwa mkubwa wa mwili, ana sukari, na magoti yake yalikuwa yamekataa kukunjika.

Nilimweleza habari za daktari nikidhani atanifukuza. Akanisikiliza akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, kile cha kuswalia.

"Sitaki kuwa mwembamba, habaryar," akasema. "Wembamba naujua. Nataka nishuke tu."

Alimaanisha kusujudu. Miaka kadhaa alikuwa akiswali akiwa kitini, na kwenye safu ya wanawake, wenzake wakishuka chini, yeye hubaki juu peke yake. Nikamwambia sheikh amesema swala ya kitini inakubaliwa kwa mgonjwa.

"Najua inakubaliwa. Mimi ndiye sijaikubali. Nataka paji hili liguse chini kabla sijawekwa humo chini mwenyewe."

Basi akajiandikisha. Chumba cha kupimia kilikuwa na pazia katikati. Upande wa pili alikuwa muuguzi wa kike kutoka Kitui, na mimi nilikaa upande huu nikitafsiri kwa sauti tu, maana wanawake wasingekubali mwanamume aone mizani ikisoma. Hata kusomwa kwa sauti kulikuwa tabu. Huku hatuhesabu watu wala ngamia hadharani, na ukimsifu mtu mwili bila kumtaja Mungu umemtupia jicho. Siku ya kwanza muuguzi alitaja uzito wa mama mmoja kwa sauti ya karani wa mnada, na yule mama akavaa viatu akaenda zake. Kesho yake muuguzi alijifunza kusema mashallah kwanza, kisha kuuandika uzito kimya. Alizoea mpaka akawa anasema mashallah hata kalamu ikimwanguka.

Jirani wa habaryar, muuza maziwa, alikuja pia, naye alikuwa mnene kumpita habaryar na mdomo wake haukupumzika.

"Waryaa, wewe wa nyuma ya pazia!" akaniita. "Muulize daktari, wakimaliza kukata tumbo langu, wana nafasi ya kukata mdomo wa mume wangu?"

Nikatafsiri. Daktari akajibu kwamba fedha za utafiti haziruhusu. Chumba kizima kikacheka, wanawake wakavuta shuka zao mdomoni.

Wote wawili walipita siku hiyo. Daktari akaeleza kwamba watapimwa tena baada ya miezi michache, na kipimo hicho cha pili ndicho kitakachopelekwa kwa wafadhili. Uzito ukilinganishwa na urefu ulitakiwa uwe juu ya kiwango fulani. Chini ya hapo mtu hachaguliwi kwa upasuaji. Kwa sasa watembee asubuhi, wapunguze sukari kwenye chai na wale kidogo usiku. Aliwaambia hivyo kwa sababu ni daktari, na daktari lazima amwambie mgonjwa wa sukari hivyo, utafiti uwepo usiwepo.

Jirani alisikia kwa sikio moja. Habaryar alilichukua jambo hilo kama amri. Kila baada ya swala ya alfajiri alitembea kuelekea mtoni na kurudi, akinishika bega, akituliza pumzi kwenye kila mwarobaini. Watoto wa njiani walimwita lori. Akawajibu kuwa lori likishika kasi halina breki, wapishe. Chai yake ikawa chungu, akaibugia kwa uso wa mtu anayemeza klorokwini. Mimi nilikuwa natamani kuondoka. Kulikuwa na lori la kwenda Bute kila wiki, na kila wiki niliiambia miguu yangu isubiri mpaka habaryar apimwe.

Karibu na siku ya kipimo cha pili, jirani alileta mizani ndogo aliyoazima dukani kwa jamaa yake. Wakajipima uani. Habaryar alikuwa amepungua. Si sana, lakini mimi nilijua kiwango, nikapiga hesabu kichwani, nikaona ameshuka chini yake kidogo tu. Akaona uso wangu.

"Sema."

"Umepungua, mashallah."

"Nimepungua mpaka wapi?"

Nikamwambia. Jirani akajifanya anafukuza kuku.

"Daktari alinambia nitembee," akasema habaryar. "Nimetembea. Sasa nimefukuzwa kwa kutembea?"

Nilimuuliza daktari siku hiyohiyo, bila kumtaja mtu, itakuwaje kwa aliyepungua kidogo. Akasugua macho. Alisema wafadhili hawabadilishi kiwango, na yeye mwenyewe hawezi kukibadilisha, kwa sababu kila mahali utafiti kama huo unafanywa watu hupimwa kwa kigezo kimoja, na ukigusa kigezo kwa kumhurumia mtu, matokeo yako hayafai tena kumsaidia yeyote. Alisema pia kwamba mtu huyo amefanya vizuri. Nikaona jambo hilo halimfurahishi hata yeye.

Asubuhi ya kipimo niliita tuktuk. Habaryar alitoka taratibu, amevaa dera mbili na koti la sufi juu yake, katika joto la Garissa. Nikamwambia muuguzi atamvua tu. Akasema hewa ina baridi. Nikamshika mkono kumpandisha, na tuktuk ilipogonga shimo la kwanza nikasikia sauti tumboni mwake. Niliifahamu sauti hiyo. Sokoni, mnunuzi mjanja huweka kiganja kwenye ubavu wa ng'ombe na kumsukuma kidogo, kwa sababu wapo wauzaji wanaomlambisha mnyama chumvi ya mawe siku kadhaa, ile ya ngamia, kisha asubuhi ya soko wanamwacha anywe mpaka aonekane ameshiba na mzito. Mnyama huyo akisukumwa hulia tumboni kama kiriba. Babu aliijua hila hiyo. Habaryar ni binti yake.

Nikamtazama. Akatazama barabara. Miguu yake, niliyoizoea ikiwa imevimba kidogo, ilikuwa imefura mpaka kanda za ndala zimezama.

"Habaryar," nikasema.

"Nyamaza. Tunakwenda kupimwa."

Kwa kuwa ni mama yangu mdogo niliruhusiwa kuingia ndani ya pazia. Muuguzi alimvua koti na dera ya juu, akasema mashallah, akaandika. Nikaona tabasamu la daktari: amepita. Kisha wakamfunga mkanda wa presha. Muuguzi akatazama, akaufungua, akaufunga mkono wa pili. Akamwita daktari kwa macho.

Daktari akajipimia mwenyewe. Akachuchumaa, akabonyeza mguu wa habaryar kwa kidole gumba, na shimo la kidole likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Akaniangalia mimi.

"Presha hii si ya kawaida yake. Muulize amekula nini siku hizi. Amemeza dawa yoyote? Niambie kila neno."

Nikauliza. Habaryar akajibu kwa Kisomali, sauti ya chini, macho yake yamenikamata.

"Mwambie chai."

"Na nini kingine?"

"Mwambie chai. Nimelamba chumvi ya babu yako na kunywa maji, kama unavyojua. Ukimwambia hilo, usirudi kwangu."

Daktari alikuwa anangoja. Katika kazi hii nimetafsiri matusi yakawa salamu, nimetafsiri uongo wa watu bila kuuongezea wangu, na sijawahi kukosa usingizi. Lakini daktari alikuwa ameshika mkono wa habaryar, nami sikujua chumvi inafanya nini ndani ya mtu mwenye sukari, na yeye alijua.

"Chumvi ya mawe," nikasema. "Ya ngamia. Siku kadhaa. Na maji mengi asubuhi hii, ili mizani ipande."

Habaryar Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema. Alifumba macho.

Daktari hakugomba. Alimlaza, akampa dawa, akaamuru gari la kumpeleka hospitali kwa uangalizi, na kabla gari halijafika akauchukua ule uzito alioandika muuguzi na kuufuta. Nilimwona akisita kabla ya kufuta. Yeye pia alihitaji watu waliopita. Bila idadi ya kutosha wafadhili wangefunga mkoba. Habaryar alimwona pia.

"Mguu yangu ilitaka kushuka tu, daktari," akamwambia kwa Kiswahili chake. "Hakuna ingine."

Alilala hospitali, presha ikateremka, akarudi nyumbani. Nilimpelekea uji, akaupokea mlangoni bila kunitazama. Nikafanya kile ninachokijua. Lori la Bute lilikuwa linapakia sukari na unga, nikapanda juu ya magunia.

Bute nilichunga, nilichimba kisima cha mtu, niligombana na mwenye duka, nilirekebisha redio ambayo haikuharibika. Sikutulia. Usiku niliamka nikidhani nasikia ubavu wa ng'ombe ukilia. Nilijiuliza maswali ya kijinga, kwamba labda chumvi ingekwisha mwilini yenyewe, labda wangempasua na mambo yangekwenda sawa. Mtu aliyewahi kufanya kazi na daktari hajifichi vizuri ndani ya neno labda.

Kisha daktari akanipigia simu. Wafadhili walikuwa wameridhia, lakini kwa sehemu tu: upasuaji wa watu wachache, na kufuatiliwa kwao. Jirani muuza maziwa alikuwa miongoni mwao. Ila daktari alihitaji pia watu wenye sukari na uzito mkubwa ambao hawatapasuliwa, wapimwe sambamba na wale wengine kwa muda uleule, na habaryar alifaa. Alikuwa amemtumia ujumbe, hakujibu. "Bila wa kulinganisha nao," akasema, "nitakuwa na watu waliokonda na sijui ni kisu au ni kutembea. Muombe."

Nilimpigia habaryar. Simu ililia mpaka nikadhani ameikata, kisha nikasikia kuku.

Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "ni yule ngamia anayesimamishwa kando sokoni ili mwingine aonekane alivyo."

"Ndiyo, habaryar."

"Hauzwi."

"Hauzwi."

"Na ngamia huyo hupewa nini?"

"Hutibiwa sukari na presha bila malipo. Na hupewa maji."

"Bila chumvi?"

"Bila chumvi."

Nikasikia pumzi yake ikitoka puani, kile kicheko chake cha kujizuia. Halafu akakata simu, na siku hiyo nililala kama gunia.

Nilirudi Garissa baada ya msimu wa mvua. Jirani alikuwa ameshapasuliwa na kurudi. Anakula kwa kisahani cha chai, na mume wake ameaibika, kwa sababu watu wanaoingia wanadhani amemnyima mkewe chakula. Sukari yake imeshuka mpaka daktari amempunguzia dawa. Mdomo haukuguswa.

"Mimi wamenikata," akanikaribisha mlangoni, "na huyu wako anajikata mwenyewe kwa miguu kila alfajiri. Tutaona daktari atamsifu nani."

Daktari hajasifu yeyote bado. Anaendelea kuandika barua kwa wale watu wasiomjua, akiomba miaka zaidi, maana anasema matokeo ya mapema hudanganya pande zote mbili. Nimemuuliza anadhani ni nini kitatokea. Akasema hajui, na akalisema kwa uso wa furaha, jambo ambalo bado nalifikiria.

Habaryar nilimkuta anaingia kwenye swala ya alasiri. Kile kiti cha plastiki kilikuwa ukutani, kimeanikwa nguo. Alikuwa amekunja mablanketi na kuyapanga juu ya mkeka mbele yake. Akashuka huku ameshika mguu wa kitanda, polepole, goti moja likilalamika kwa sauti, kisha la pili, akainama mpaka paji lake likatua juu ya yale mablanketi. Halikugusa chini. Alikaa pale muda mrefu kuliko swala inavyodai, na mimi nikasimama mlangoni na mfuko wangu begani, sijui nikae au niondoke.

Alipomaliza kutoa salamu akageuka, akaniona.

"Umekonda," akasema. "Utakaa mpaka lini?"

"Lori linaondoka kesho."

Hakunilaumu. Alilivuta blanketi la juu kabisa kutoka kwenye ule mrundo, akalipiga-piga kutoa vumbi, akalikunja vizuri na kunisogezea.

"Chukua hili. Bute kuna baridi alfajiri," akasema. "Mimi kesho nashuka bila hilo."